Dakika 7 kwenye shoo moja na wachekeshaji wakubwa: nijipange vipi?

MtotoWaBombo

Wadau, salaam. Nafanya vichekesho vya jukwaani, zaidi kwenye openi maiki za baa (usiku ambao jukwaa liko wazi kwa yeyote). Sasa nimepata nafasi kwenye shoo kamili hapa Kampala: bustani ya hoteli upande wa Ntinda, mahema, viti kama 200, tiketi zinauzwa. Kwenye bango tupo saba. Watano ni watu ambao kila mtu huwaona kwenye televisheni, na katikati ataimba msanii mmoja. Mimi ni lile jina dogo la chini kabisa. Nimepewa dakika 7, na mpangaji wa shoo ameniambia tu kwamba nitaingia wa tatu au wa nne.

Naomba mnisaidie kwa mambo ya kushika, si kunitia moyo. Dakika 7 ni maneno kiasi gani? Nikimfuata mtu aliyewavunja watu mbavu, nifanye nini sekunde za mwanzo? Vitu vyangu vinavyopita vizuri ni vya boda, mwenye nyumba na umeme kukatika, na najua wakubwa nao wanavyo. Halafu kuna lugha: nachanganya Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Bombo na Arua Kiswahili kinapita bila shida, Ntinda sina uhakika. Na huko nyuma ya jukwaa, mdogo anakaaje na wakubwa bila kuonekana ama mpambe ama mwenye kiburi?

---

DadaRatiba

Mdogo wangu, tuanze na muda, maana hapo ndipo wageni wengi huharibu, na ndilo jambo ambalo wakubwa hawasahau.

Dakika 7 za jukwaani si dakika 7 za maneno. Kutembea hadi kwenye maiki na makofi ya kukukaribisha vinakula sekunde 15 hadi 20. Kicheko chenyewe kinakula muda, na kikiwa kizuri ndivyo kinavyokula zaidi. Kwa Kiswahili mtu akiongea kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 110 hadi 130 kwa dakika. Kwa hiyo andika maneno 550, ukizidi sana 600. Njia rahisi ya kupima: jirekodi kwa simu ukiwa peke yako chumbani, bila mtu wa kucheka. Ikitoka dakika 5, umefika. Ikitoka dakika 7 chumbani, jukwaani itakuwa 9, na hizo 2 za ziada unamnyang'anya mtu aliye nyuma yako.

Usiende na toleo moja. Shoo ya Kampala ikiandikwa saa moja jioni, mara nyingi inaanza saa mbili na nusu, na wakubwa wengine usiku huohuo wana shoo mbili. Wanatoka huku wanakimbilia kule. Mkubwa akichelewa kwenye foleni ya Jinja Road, utaambiwa "vuta, fika 10". Akifika mapema na ana haraka, utaambiwa "kata, fanya 4". Tayarisha ya 4, ya 7 na ya 10 kutoka kwenye vichekesho vilevile. Ya 4 ni cha kwanza na cha mwisho tu. Ya 10 ni ile ya 7 ikiwa na kipande kimoja kamili katikati, kinachoweza kuingia na kutoka bila kuvunja mtiririko. Kipande hicho kiwe kimejaribiwa kwa watu. Mtu akiambiwa avute halafu akaanza kubuni papo hapo, kwa kawaida anaishia kuuliza "upande huu mpooo?" mara nne.

Kabla shoo haijaanza, uliza nani anakupa ishara ya muda, amesimama wapi, na ishara ni nini. Mara nyingi ni tochi ya simu kutoka kwa fundi wa sauti, ikiwa imebaki dakika 1. Ukiiona, maliza kichekesho ulichomo, ruka vyote vya katikati, nenda cha mwisho. Usiwaambie watu "naona wananimulika". Ukishasema hivyo na wao wanaanza kuhesabu dakika na wewe.

Utambulisho: mwandikie MC kwenye kikaratasi au umtumie kwa WhatsApp, mstari mmoja, jina lako jinsi linavyotamkwa. Mwambie asikuite "mkali kuliko wote". Sifa kama hiyo inakupandishia bei kabla hujafungua mdomo. Na kama kichekesho chako cha kwanza kinahusu Bombo, mwombe asiitaje Bombo, la sivyo atakimaliza yeye.

---

FundiWaSpika

Mimi nazungumzia sauti tu, maana bustani ina tabia zake na wengi wanaotoka baa hawazijui.

Ndani ya baa kicheko kinagonga ukuta na paa kinakurudia. Nje hakirudi. Watu 200 wanaweza kucheka vizuri kabisa na wewe jukwaani ukasikia kama wanakohoa. Hapo mgeni anafikiri amebuma, anaongeza kasi, anaanza kuongea juu ya kicheko, na panchi inayofuata (mstari unaoleta kicheko) haisikiki. Kisha ndipo anabuma kweli. Nje kicheko pia kinakuja kwa mawimbi: meza za mbele kwanza, mahema ya nyuma baadaye kidogo. Subiri wimbi la pili lianze kushuka ndipo uongee. Na usipime shoo kwa meza za mbele. Hizo mara nyingi ni za wadhamini, wanakula nyama choma, mdomo umejaa. Tazama safu ya tatu hadi ya sita.

Maiki: ishike ikiwa sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, chini kidogo usawa wa kidevu ili uso uonekane. Ukitaka kupiga kelele ya mhusika, isogeze hadi sentimita 15 hivi. Usifunike ule wavu wa juu kwa kiganja jinsi wanavyofanya warapa. Unafunga matundu ya sauti, maiki inaanza kuvuma. Usiielekeze kwenye spika, na usisogee mbele ya spika kubwa, kwa sababu hiyohiyo. Ukiitoa kwenye stendi, ichukue stendi uiweke nyuma yako. Mgeni anaiacha mbele na kuongea dakika 7 akiwa nyuma ya chuma.

Sasa hili la msanii. Waimbaji hutumia eko, yaani mwangwi wa mashine. Akitoka jukwaani, fundi aliyechoka anaiacha eko ilivyo, unaingia wewe, kila panchi inajirudia mara tatu kama tangazo la mkutano wa injili. Kabla hujapanda mfuate fundi, mwambie waziwazi: "Nikiingia mimi, toa eko yote, na besi punguza." Mwulize pia kama maiki ni ya waya au ya betri. Kama ni ya betri, aweke mpya kabla ya kipande chenu, maana mwimbaji amekaa nayo muda mrefu.

Umeme ukikatika jukwaani, kutoka kukatika hadi jenereta kushika ni muda mfupi, lakini utauona mrefu. Usijaribu kupaza sauti kwa watu 200 nje. Wa mbele watasikia, wa nyuma wataanza mazungumzo yao na hawarudi tena. Simama ulipo, tulia, sauti ikirudi sema mstari mmoja kuhusu giza, kisha RUDIA utangulizi wa kichekesho ulichokuwa ukikisema tangu mwanzo. Ukiendelea ulipoachia hakuna atakayekumbuka. Mvua ikipiga mahema, fupisha. Hakuna kichekesho kinachoshindana na mvua juu ya turubai.

---

MzeeKalamu

Kijana, wenzangu wamekupa vya nje, mimi nakupa vya ndani.

Boda, mwenye nyumba, giza. Mada hizi si za mtu, ni za kila mkaaji wa Kampala, hakuna atakayekuambia umeiba. Ila mada ambayo kila mtu anayo inahitaji mlango ambao ni wako. "Boda hawafuati taa za barabarani" si kichekesho, ni habari ambayo watu wamekuja nayo kutoka nyumbani. Vilevile rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai), vilevile kwanjula (sherehe ya kutambulishana ukweni) na mahari ya ng'ombe, vilevile "serikali imetuambia tujifunze Kiswahili". Hiyo ya mwisho ililiwa na kila mtu tangu uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022, imebaki mifupa.

Kuhusu giza, angalia tarehe. Umeme, kampuni yenye jina hilo iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ilimaliza mkataba wake mwisho wa Machi 2025, na tangu tarehe 1 Aprili mwaka huo usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali. Vichekesho vyote vilivyosimama juu ya jina la kampuni ile vimepitwa. Ukisema "Umeme wamekata" kama unawasema wale, mtu wa meza ya mbele atakusahihisha, nawe utakuwa umempa maiki. Ama ufanye kichekesho kuhusu wapya, ama uzungumzie giza lenyewe.

Wakubwa waliokutangulia watakuwa wamegusa mada gani? Huwezi kukisia, lazima uwahi. Fika kabla MC hajafungua, simama nyuma karibu na fundi, sikiliza kila aliyekutangulia tangu neno la kwanza. Uwe na kikaratasi chenye maneno matano tu, jina moja kwa kila kichekesho. Aliyetangulia akigusa boda, piga mstari juu ya boda. Usijiambie "changu ni tofauti". Kwa hadhira ni boda tu, na mara ya pili inaonekana umeiga.

Walio nyuma yako ni jambo lingine. Ukiunguza mada ambayo mkubwa ameipanga kwa dakika zake 20 za kufunga, umemharibia kazi. Mwulize MC, au mwenyewe kama hajajifungia kujiandaa: "Mzee, nina kitu kifupi cha mwenye nyumba, wewe unagusa huko?" Akisema ndiyo, wewe ndiye unayeacha. Ndiyo maana unakwenda na kipande cha akiba.

Kuhusu kumfuata mtu aliyeua jukwaa kwa vicheko: usijaribu kumfikia kwa kelele. Kama yeye alikuwa anakimbia jukwaa zima na kuvua koti, wewe simama pale pale na ongea chini. Mabadiliko ya mwendo yanawapa watu ruhusa ya kuanza upya. Hesabu moja, mbili ukiwa umeshika maiki, kisha anza. Kichekesho cha kwanza kiwe kimefika panchi ndani ya sekunde 20. Usitumie hata moja kati ya hizo kuuliza hali zao, MC ameshauliza.

Mpangilio wangu: cha pili kwa ubora kiwe cha kwanza, kilicho bora kabisa kiwe cha mwisho, kipya kabisa kisiwepo. Usiku wa kushiriki jukwaa na wakubwa si usiku wa kujaribu.

---

DadaRatiba

Mzee nakuheshimu, lakini kwa huyu napinga mpangilio. Mtu anayejulikana anapewa dakika mbili za subira kwa sababu ya jina. Jina la chini kwenye bango linapewa sekunde 30, baada ya hapo simu zinatoka mifukoni. Kilicho bora kabisa kiwe cha kwanza. Cha mwisho kiwe kile chenye mwisho unaoeleweka wazi, hata kama si kikali kuliko vyote, ili watu wajue ni wakati wa makofi nawe uondoke makofi yakiendelea.

Na nyongeza: kama aliyetangulia aliua kweli, mstari mmoja wa kumtambua unasaidia. Mmoja. "Mpigieni tena makofi fulani" ni kazi ya MC, wewe sema kitu kinachotokana na alichokifanya, halafu funga mlango huo.

---

MzeeKalamu

Kumtambua nakubali, sharti mstari huo uwe mwepesi na uelekee kwako, si kwake. Kujilinganisha naye kwa kujidharau ("sasa mtaona tofauti ya bei") kunafanya kazi mara moja, lakini watu wakishakuonea huruma hawacheki tena, wanakuombea.

Kuhusu cha kwanza na cha mwisho, tusibishane. Ajaribu mipangilio yote miwili kwenye openi maiki wiki hii, arekodi, ahesabu vicheko vya dakika ya kwanza. Nambari ndizo zitakazoamua.

---

MtotoWaBombo

Asanteni sana. Dada, nimejipima kwa simu: dakika 8 na sekunde 40 nikiwa peke yangu. Nina kazi ya kukata.

Mzee, nakuwekea cha mwenye nyumba kama kilivyo, kikate ukitaka:

"Jamani, kuna siku moja, mwenye nyumba wangu, na mnawajua wenye nyumba wa Kampala walivyo, huyu ni mama mlokole kabisa, basi alikuja alfajiri akashika kitasa cha mlango akaanza kuniombea, akasema kabla sijaufunga huu mlango wangu, Bwana mfungulie huyu kijana milango ya baraka, kwa sababu nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu."

Tena nina maswali mengine: mlevi akiniingilia? Watu wakirekodi na kuweka TikTok? Na malipo, mpangaji hajasema kitu.

---

MzeeKalamu

Wazo ni zuri, limefukiwa. Tazama lilivyokaa.

Kwanza, deni limekuja mwisho. Bila kujua unadaiwa, watu hawaelewi kwa nini mlango utafungwa, kwa hiyo panchi inapita kabla hawajawa tayari, halafu unawapa maelezo baada ya panchi. Maelezo yakija baada ya panchi yanazima kicheko. Pili, "kuna siku moja", "mnawajua walivyo", "kabisa", "basi": maneno kumi na kitu ambayo hayabebi chochote. Tatu, sala umeisimulia kwa mdomo wako, wakati inafaa isemwe kwa mdomo wake. Nne, neno linalopiga, yaani kufunga, limetangulia baraka. Linatakiwa liwe la mwisho kabisa.

Jaribu hivi:

"Nadaiwa kodi ya miezi 3. Mwenye nyumba wangu ni mlokole, hagombi. Anakuja asubuhi, anaweka mkono kwenye mlango wangu, anaomba: 'Bwana, mfungulie kijana huyu milango ya baraka. Maana huu... naufunga.'"

Maneno 29, kama sekunde 15 ukiwa na vituo. Kituo ni pale penye nukta tatu, nusu pumzi tu, mkono ukiwa bado umewekwa hewani kama upo mlangoni. Usiongeze neno baada ya "naufunga".

Kicheko kikishuka, ongeza mkia:

"Nami ndani nikajibu 'Amina'. Kimoyomoyo. Asijue nipo."

Mkia unakupa kicheko cha pili bila kuanza hadithi mpya. Hapo ndipo dakika 8:40 zinaposhuka bila kupoteza kichekesho hata kimoja: unapunguza njia ya kufikia panchi, unaongeza mikia.

Utaona nimetoa "alfajiri" na "kitasa". Hili ndilo jibu la swali lako la lugha. Kwenye bustani ya Ntinda wengi wanafuata Kiingereza na Luganda, na Kiswahili chao ni cha kusikia sokoni, barabarani na kwenye nyimbo. Sheria ninayotumia: utangulizi unaweza kuwa na neno gumu moja, panchi isiwe nalo hata nusu. "Mlango", "funga", "Bwana", "mlokole" kila mtu anazo, hata asiyeweza kuunda sentensi. Kwa hadhira ile, utangulizi useme kwa mchanganyiko wako wa Luganda na Kiingereza, sala ya mama ibaki Kiswahili. Ukiwa Koboko, Arua, Bombo au Busia, yote iwe Kiswahili, na hapo "kitasa" irudi, inapendeza.

Jambo moja zaidi juu ya hili, maana naliona linapotezwa sana. Kampala ukiingiza Kiswahili, kinategemewa kiwe cha askari, mwanajeshi kwenye kizuizi, au mwizi. Historia yake ni ndefu, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na enzi za Amin watu walikisikia kikiwa na bunduki. Watu hucheka askari huyo kabla hajasema kitu, na kwa sababu hiyohiyo kila mchekeshaji anaye. Mama mlokole anayetishia kwa upole kwa Kiswahili ni mpya. Mpe Kiswahili mtu ambaye hawamtegemei, nawe utasimama peke yako kwenye bango la watu saba.

---

DadaRatiba

Mzee, huo mkia ni mzuri kuliko panchi.

Naongezea ya msanii, maana FundiWaSpika amesema ya eko tu. Shoo nyingi hapa zinachanganya vichekesho na muziki, shoo ya Comedy Store ya mchekeshaji Alex Muhangi imeizoesha Kampala hivyo. Ukipangwa moja kwa moja baada ya wimbo, watu wamesimama, wanapiga mayowe, mkononi simu. Kuchekesha kunataka watu waliokaa na kunyamaza. Mwombe MC akae dakika 2 au 3 kati yenu: awakalishe, afanye kichekesho kimoja chake, ndipo akuite. Hilo ni ombi la kawaida kabisa, hakuna atakayekuona unadeka. Ombi baya ni la kubadilisha nafasi yako kwenye orodha. Nafasi ya mdogo inapangwa, haichaguliwi.

Mlevi: kwa mara ya kwanza mpuuze, wengine hawajamsikia. Ya pili, jibu moja fupi, bila kurudia alichosema kwenye maiki (ukirudia umemkuzia sauti), na papo hapo rudi kwenye mstari wako. Ya tatu si kazi yako tena, tazama kwa MC au mlinzi. Usiende chini kumfuata kwenye meza yake. Na usifanye mazungumzo na meza za mbele kama MC alishawafanyia. Amewamaliza, unachimba shimo lilelile.

Huko nyuma: salimia kila mtu, anza na MC na fundi. Usiombe picha na mtu kabla hajapanda. Usimjaribishie vichekesho vyako mtu anayejiandaa, wala usimpe mkubwa mkia wa kichekesho chake kama hajakuuliza. Chakula na vinywaji vilivyowekwa kwa jina la mtu ni vya huyo mtu. Ukimaliza usiondoke, kaa hadi mwisho utazame wanavyofanya kazi, lakini usisimame mlangoni ukipokea pongezi wakati mwenzako yuko jukwaani. Swali la ufundi kwa mkubwa, moja, baada ya shoo. "Kile cha pili kilichelewa wapi?" linajibika. "Umenionaje?" halijibiki.

---

MkaaPembeni

Naingia kwa mambo mawili ambayo hayajaguswa.

Makabila. Kuiga matamshi ya watu wa upande fulani ni njia fupi ya kicheko Uganda, na wakubwa huifanya wakitoka salama kwa sababu hadhira inawajua na inajua wao ni wa wapi. Wewe hujulikani. Anza na kwenu. Na ukitoka kwenye matamshi ukaingia kwenye vyeo na nani anakula nini serikalini, jua kuna kosa la kueneza ubaguzi kwenye sheria za jinai. Julai 2020 polisi iliwakamata wanne wa kundi la vichekesho la Bizonto kwa sababu ya video iliyozungumzia wakubwa wa serikali kutoka upande mmoja wa nchi. Sisemi usiguse siasa. Nasema usiiguse kwa mara ya kwanza kwenye dakika 7 za shoo ya mtu mwingine, yenye wadhamini mezani na kibali chenye jina lake.

Video. Kichekesho kikishaonekana TikTok na watu laki moja, jukwaani kinakuwa marudio. Mwombe mpangaji MC atangaze mwanzoni watu wasirekodi. Hawatatii wote, lakini watapungua. Muhimu zaidi ni kamera ya mpangaji mwenyewe. Uliza kabla: wanarekodi, wataweka nzima au kipande, nani anachagua kipande, na utapewa nakala? Omba uchague wewe sekunde 40 hadi 60, na uchague kitu usichokihitaji tena, kwa mfano jibu ulilompa mlevi, si kile cha mama mlokole. Sauti yako rekodi mwenyewe: simu mfukoni, hali ya ndegeni, ili isiite wala isikwaruze kwenye spika.

---

DadaRatiba

Malipo nayajibu mimi.

Jina dogo mara nyingi halilipwi kama wengine, linapewa nauli. Si aibu, ila lisemwe. Mtumie mpangaji ujumbe mfupi wenye vitu vinne: dakika ngapi, saa ngapi niwepo, kiasi gani, na kinalipwa lini na kwa njia gani. Andika, usipige simu, ili kuwe na kitu cha kurejelea. Shoo ikiisha saa sita usiku nauli ya boda si ile ya mchana, itaje. Kama wanalipa kwa simu, waambie waweke na ya kutolea: kuna makato ya mtandao, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kila unapotoa pesa. Kwa kiasi kidogo inaonekana.

Baadaye ukianza kupata kazi za makampuni, jua kwamba mlipaji aliyeteuliwa na URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) anakata asilimia 6 kabla hajakulipa, pale malipo yanapozidi shilingi 1,000,000. Dai cheti cha makato hayo, usichukue tu kilichobaki.

Mambo haya kwa kawaida yanaulizwa kabla bango halijatoka. Lako limeshatoka, kwa hiyo tuma ujumbe kesho asubuhi, si siku ya shoo. Siku ya shoo mpangaji anahangaika na jenereta na tiketi, atakuambia "tutaongea" na hamtaongea.